Nyayo za Kobe Ugenini

Uhamishaji wa wanyama walio hatarini, yaani kuwatoa kwa makusudi mahali wanapoishi na kuwaachia mahali pengine panapoaminika kuwa salama zaidi, ni njia ambayo wahifadhi huikimbilia mara nyingi pale ardhi ya wanyama hao inapotakiwa kwa barabara, kambi ya jeshi au mitambo ya umeme wa jua, na kobe wa nchi kavu ni miongoni mwa viumbe waliohamishwa kwa wingi na kufuatiliwa kwa subira kubwa baada ya kuhamishwa. Kumbukumbu za kazi hiyo, zilizokusanywa kwa miongo kadhaa katika majangwa ya Marekani, katika visiwa vya Bahari ya Hindi na kwingineko, zinafundisha jambo ambalo wapangaji walichelewa kulipa uzito unaostahili, nalo ni kwamba kobe hahami siku anayobebwa. Siku hiyo huondolewa tu kwake. Kuhama hasa hukufanya mwenyewe, kwa miguu yake, katika miezi au miaka inayofuata, na ni nyendo zake za kipindi hicho, wala si idadi ya masanduku yaliyofika salama, zinazoonyesha kama amepata makao mapya au amepoteza yale ya zamani bila kupata mengine.

Ugumu wa kuliona jambo hilo unatokana kwa sehemu na umbo la mnyama mwenyewe. Kwa kuwa hutembea na nyumba yake mgongoni, ni rahisi kudhani kwamba popote atakapowekwa atakuwa nyumbani mradi apate majani ya kula, na kwa kuwa mwendo wake ni wa pole, ni rahisi kudhani pia kwamba hatafika mbali. Dhana zote mbili zinavunjwa na kobe wa jangwa la Mojave, ambaye wanasayansi humwita Gopherus agassizii na ambaye serikali ya Marekani ilimwingiza mwaka 1990 katika orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Kobe huyu huishi katika majimbo ya California, Nevada, Utah na Arizona, penye joto ambalo lingemuua kwa muda mfupi kama angebaki juani, na inakadiriwa kwamba asilimia 95 ya maisha yake huyapitisha ndani ya mashimo anayoyachimba ardhini, akitoka zaidi katika majira ya kuchipua, wakati maua na majani ya msimu yanapoota, na tena baada ya mvua za mwisho wa kiangazi.

Shimo lake si moja. Dume huzunguka katika eneo linaloweza kufikia makumi ya hekta, jike katika eneo dogo zaidi, na ndani ya eneo hilo, ambalo wataalamu huliita eneo la mizunguko kwa maana ya jumla ya ardhi anayoitumia mnyama mmoja kutafuta chakula, maji, mwenzi na kimbilio, kila mmoja huwa na mashimo kadhaa anayoyapokeza kulingana na msimu na umbali wa malisho. Anajua ni shimo lipi lililo karibu jua likikaza. Anajua penye udongo mgumu ambapo huchimba vibeseni visivyo na kina ili mvua ikinyesha maji yatuame apate kunywa. Anajua pia ni dume gani la jirani litakalomkabili akivuka korongo fulani. Maji anayokunywa huyahifadhi kibofuni, na akiba hiyo humwezesha kuvumilia hata mwaka mzima bila kunywa tena, ndiyo sababu mtu anayemshika kobe huyu ovyo mpaka akaogopa na kukojoa huwa amemnyang'anya riziki ya miezi mingi, na ndiyo sababu wahamishaji hutakiwa kumpa maji kabla ya kumwachia na kutomgusa kabisa joto la hewa linapozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Ujuzi wa namna hii hauingii ndani ya sanduku. Kobe anapowekwa kilomita kadhaa kutoka kwake, nguvu zake na gamba lake huja naye, lakini ujuzi wake wa mashimo, maji na majirani hauna kazi tena, na hatua zote za ziada anazozipiga katika mwaka wa kwanza ni juhudi ama ya kuujenga ujuzi mwingine, ama ya kuirudia ardhi ambayo ule wa kwanza bado unaifaa.

Nyendo hizo hujulikana kwa kifaa kidogo cha kurusha mawimbi ya redio kinachogandishwa kwa gundi ngumu juu ya gamba, ambacho mtafiti hukifuata kwa antena ya mkononi hadi amfikie mnyama alipo, na katika miaka ya karibuni pia kwa vifaa vinavyopokea ishara za setilaiti na kuandika mahali alipo kobe mara nyingi kwa siku. Kwa kuunganisha nukta hizo mtafiti hupata urefu wa safari za kobe na upana wa eneo lake la mizunguko. Uchunguzi uliofanywa katika maeneo mbalimbali ya Nevada na Utah na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kobe waliohamishwa walisafiri mbali zaidi ya wenyeji katika mwaka wa kwanza, wengine wakienda moja kwa moja kama wenye mahali wanapopakusudia, lakini kufikia mwaka wa pili mwendo wao ulikuwa umetulia na kufanana na ule wa wenyeji. Matokeo ya aina hiyo yalionekana pia katika bonde la Ivanpah, California, ambako kobe waliondolewa kupisha mtambo mkubwa wa umeme wa jua, na tangu hapo imezoeleka kusema kwamba mwaka wa kwanza ndio wa kutangatanga na wa pili ndio wa kutulia. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini ni wastani, na wastani huwaficha wale ambao hawakutulia kamwe pamoja na wale ambao hawakuufikia mwaka wa pili.

Tukio lililoyaweka maswali haya wazi kuliko mengine yote ni lile la mwaka 2008, wakati jeshi la Marekani lilipopanua eneo lake la mazoezi ya vifaru huko Fort Irwin, kaskazini-mashariki mwa mji wa Barstow katika California. Kobe zaidi ya 500 waliondolewa katika majira ya kuchipua na kupelekwa kusini ya kambi, katika ardhi ambayo tayari ilikuwa na kobe wenyeji. Katika miezi iliyofuata wengi walikutwa wamekufa, magamba yao yakiwa yametafunwa na koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayekaribiana kwa umbo na bweha wa Afrika, na hatua iliyopaswa kufuata ya kuwahamisha kobe wengine ikasimamishwa. Hukumu ya haraka ilikuwa kwamba uhamishaji ndio uliowaua, kwa kuwa kobe anayetangatanga bila kujua shimo lililo karibu hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi mbele ya adui na mbele ya jua.

Wachunguzi, hata hivyo, walikuwa wameweka vifaa vya redio si kwa waliohamishwa peke yao, bali pia kwa wenyeji waliowapokea, na kwa kundi la tatu la kobe walioishi mbali, ambao hawakuhamishwa wala hawakupokea mgeni, na ambao kazi yao katika utafiti ilikuwa ni ulinganisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba vifo katika makundi yote matatu havikutofautiana sana, na kwamba koyote waliua kobe mwaka huo katika sehemu nyingi za Mojave, hasa karibu na makazi ya watu, kwa sababu ukame ulikuwa umewapunguza sungura na panya ambao ndio chakula chao cha kawaida, huku takataka na maji ya binadamu yakiwadumisha koyote wenyewe katika idadi kubwa kuliko ambayo jangwa lingeweza kuilisha. Bila kundi la tatu, lawama yote ingewekwa juu ya masanduku, na sababu hasa ingebaki bila kuguswa. Mtu anayeijali hatima ya wanyama hawa hana budi kulishukuru kundi hilo la kobe wasiofanywa lolote, kwani ndilo lililozuia kosa la hukumu. Wakati huo huo hana budi kukiri kwamba kumhamisha mnyama katika mwaka wa ukame, akiwa anahitaji kutembea zaidi kuliko wakati wowote wa maisha yake, ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo, hata kama takwimu za vifo hazitoshi kuuthibitisha.

Umbali wa kuhamishwa nao una uzito wake. Katika jaribio moja la magharibi mwa Mojave, kobe waliopelekwa kilomita 2 kutoka kwao waliweza kurudi kwa wingi kuliko waliopelekwa kilomita 5, na waliopelekwa kilomita 8 hawakurudi. Uwezo huu wa kurejea kwao, ambao kwa njiwa na kasa wa baharini hautiliwi shaka, kwa kobe wa nchi kavu ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa mdogo, na maana yake kwa wahifadhi ni nzito kwa sababu unawabana pande mbili: kobe aliyehamishwa karibu huenda akarudi kwenye matrekta yaliyomfukuza, na aliyehamishwa mbali hupoteza nafasi ya kurudi lakini huenda asipoteze nia. Mnyama wa namna hiyo akikutana na uzio, na uzio wa wavu mfupi hujengwa makusudi kandokando ya barabara za jangwani ili kobe wasigongwe na magari, hautazami kama mwisho wa safari. Hutembea kando yake huku na huku saa nyingi, bila kuingia shimoni, na wapo waliokufa kwa joto namna hiyo, jambo lililowafanya wasimamizi wa barabara na hifadhi kuanza kuweka vivuli vya kujikinga na jua kwenye nyuzio hizo.

Mwandishi wa insha hii aliwafahamu kobe kwanza katika kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, ambako watoto wa shule walivushwa kwa mashua kwenda kuwalisha mchicha kobe wakubwa wenye umri ulioandikwa kwa rangi juu ya magamba, na kilichobaki katika kumbukumbu yake zaidi ya ukubwa wao ni njia waliyoikanyaga kando ya kizuizi, ambapo udongo ulikuwa umeshindiliwa na miguu mpaka majani yakaacha kuota. Mtoto huona hapo wanyama wanaotembea. Maelezo ya watafiti wa Mojave, yaliyosomwa miaka mingi baadaye, yaliipa njia ile maana nyingine, kwani kobe wa Changuu nao ni wahamishwa: wa kwanza wao, wanne kwa idadi, walipelekwa Zanzibar mwaka 1919 wakiwa zawadi kutoka Shelisheli, na asili yao ni kisiwa cha Aldabra, ambacho hadi leo kina kobe wanaokadiriwa kufika 100,000. Huko Aldabra kobe hao hawakai mahali pamoja, maana baadhi yao mvua zinapoanza huteremka kuelekea pwani kufuata nyasi fupi zinazochipua huko, na ukame ukirejea hurudi bara penye vivuli vya miti. Changuu haina nafasi ya safari kama hiyo.

Historia ya kobe hao baada ya kufika inaonyesha pia kwamba kuzaana si sawa na kuwa salama. Idadi yao ilifikia 200 hivi katikati ya miaka ya 1950, kisha wizi wa kuwauza nje kama wanyama wa kufugwa ukawapunguza hadi ikasemwa mwaka 1996 kwamba wamebaki 7, na ni ulinzi wa ukuta na walinzi, pamoja na vitoto vilivyokuzwa mbali na macho ya wezi, uliowarudisha. Shelisheli yenyewe ilipata somo lilelile pale kobe 250 walipohamishwa kutoka Aldabra kwenda kisiwa cha Curieuse kati ya mwaka 1978 na 1982, na kufikia mwaka 1990 wakakutwa 117 tu, wengi wa waliokosekana wakiwa wamechukuliwa na watu. Visiwa hufanya kazi ya uhamishaji ionekane nyepesi kwa sababu bahari humzuia kobe asitokomee, na hivyo swali la nyendo halijitokezi. Lakini kuzuiwa kuondoka na kutulia ni mambo mawili, na njia iliyokanyagwa kando ya ukuta ni ushahidi wa la kwanza peke yake.

Njia iliyo bora kuliko ukuta wa kudumu ni ukuta wa muda. Wahifadhi wa kobe wa kusini-mashariki mwa Marekani, aitwaye Gopherus polyphemus, ambaye mashimo yake marefu huwahifadhi viumbe wa aina zaidi ya 350, walilinganisha njia tatu za kumwachia mnyama huyo katika hifadhi moja ya Carolina Kusini: kundi moja liliachiwa papo hapo, la pili likazuiliwa ndani ya boma pana kwa miezi 9, na la tatu kwa miezi 12, kisha maboma yakafunguliwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, hayakuacha shaka kubwa: kadiri kobe walivyokaa ndani ya boma kwa muda mrefu ndivyo walivyobaki zaidi mahali palipokusudiwa boma lilipoondolewa, na ndivyo maeneo yao ya mizunguko yalivyokuwa madogo. Kinachotendeka ndani ya boma si kumvunja moyo mnyama asitake kwao, bali ni kumpa muda wa kuchimba mashimo, kupitia majira yote ya mwaka na kuwajua majirani akiwa katika eneo dogo, ili siku uzio unapoondoka awe tayari anacho cha kukirudia. Jimbo la Florida, ambalo kwa miaka mingi liliwapa wajenzi vibali vya kujenga juu ya mashimo hata kobe wakiwa ndani, liliacha utoaji wa vibali hivyo mwaka 2007 na kulazimisha kobe wahamishwe, na boma la muda likawa sehemu ya utaratibu wa huko. Madagaska pia, ambako mwaka 2018 zaidi ya kobe 10,000 wenye magamba ya miale walikutwa wamefungiwa katika nyumba moja mjini Toliara wakisubiri kusafirishwa kwa magendo, waliookolewa walianza kurudishwa msituni kwa kupitia maboma ya namna hiyo.

Mahali penyewe pa kuachia napo pana la kusema. Uchunguzi wa kobe wadogo wa Mojave, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba umbali waliosambaa na nafasi yao ya kuishi vilitegemea vitu ambavyo mpimaji wa ardhi asingeviandika, kama vile mashimo ya panya ambayo kobe mdogo huyatumia kujificha, makorongo makavu, na mawe yenye ukubwa na rangi inayomfanya asionekane na kunguru. Kobe akipata mahitaji yake karibu hana haja ya safari ndefu. Kwa hiyo mwendo mrefu wa mhamishwa si tabia yake tu. Mara nyingine ni lawama kwa mchaguzi wa mahali.

Hata hivyo kutulia kwa miguu hakumalizi hesabu. Mwaka 2012, miaka minne baada ya uhamisho wa Fort Irwin, watafiti walichunguza vinasaba vya vitoto waliototolewa katika eneo lililowapokea wahamishwa, wakitaka kujua baba zao, na walikuwa na sababu ya kusubiri muda huo wote kwa kuwa jike la kobe huweza kuhifadhi mbegu za dume ndani ya mwili wake kwa miaka kabla ya kuzitumia. Waligundua kwamba majike waliohamishwa walitaga na kupata vitoto, lakini katika vitoto waliochunguzwa hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa na dume mhamishwa. Baba wote walikuwa wenyeji. Yamkini madume wenyeji waliwashinda wageni katika kupigana, au majike waliwachagua wale wenye eneo linalojulikana, lakini kwa vyovyote vile madume ambao nyendo zao zilikuwa zimetulia, na ambao katika kila taarifa wangehesabiwa miongoni mwa waliofaulu, walikuwa bado hawajaingia katika ukoo wa mahali pale. Kobe wa Mojave huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 15 au zaidi na huweza kuishi miaka 50 na kupita. Mradi unaotoa taarifa ya mwisho baada ya miaka mitatu umemfuata mnyama huyo kwa sehemu ndogo mno ya maisha yake, na ndiyo maana kikosi cha Marine cha Marekani kilipohamisha zaidi ya kobe 1,000 kutoka kambi yake ya Twentynine Palms mwaka 2017, ufuatiliaji uliopangwa ulikuwa wa miongo, wala si wa misimu.

Kwa Afrika Mashariki swali hili si la mbali. Kenya na Tanzania ndizo makao makuu ya kobe mwenye gamba bapa na laini, Malacochersus tornieri, ambaye badala ya kujifunga ndani ya gamba hukimbia na kujibana katika ufa wa mwamba, na ambaye kwa sababu ya umbo lake la ajabu amewindwa kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya, Asia na Amerika. Kenya ilipiga marufuku kuwauza nje tangu mwaka 1981, na mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ulimpandisha hadi orodha yake ya kwanza, inayozuia biashara ya wanyama waliochukuliwa porini. Wanaokamatwa mikononi mwa walanguzi wanahitaji kurudishwa, na hapo ndipo kazi ilipo ngumu, kwani kobe huyu hutaga kwa kawaida yai moja kwa mara, huishi katika vilima vya mawe vilivyotengana, haondoki mbali na nyufa zake, na nyufa zenyewe mara nyingi zimevunjwa na wawindaji waliotumia nondo na jeki kubandua mabamba ya mwamba ili wamtoe. Kumwachia penye nyasi nyingi karibu na kilima kisicho na ufa unaomtosha ni kumtuma atembee uwandani, mahali ambapo mwili wake hauna kinga yoyote. Kabla ya gari kuondoka na masanduku, kwa hiyo, inapasa vinasaba vyake viwe vimepimwa ili ijulikane alitoka vilima vya Kitui, vya Dodoma au vya kwingine, nyufa za kilima kinachokusudiwa ziwe zimehesabiwa na kupimwa kina na upana, wenyeji wanaozikalia wawe wamejulikana, na fedha ziwe zimetengwa kwa ajili ya mtu atakayepanda kilima hicho na antena yake mwaka unaofuata, na mwingine baada yake.